Kabini ya signali jirani na kwetu imeng'olewa. Nani mwingine alikulia kando ya reli?

Mwana wa Kota

Wakuu, habari za Jumapili.

Kama ulikulia kota za reli, au jirani na stesheni yoyote ya Reli ya Kati, huenda unakijua kile kijumba cha ghorofa moja kilichosimama kando ya njia, vioo pande tatu, ngazi kwa nje. Sisi tulikiita kabini. Wengine nasikia wanasema mnara wa signali. Sitautaja mji wangu maana watu wa huko watanijua kabla sijamaliza sentensi.

Ya kwetu ilikuwa pale njia moja inapogawanyika kuwa tatu. Chini matofali ya kuchoma, juu mbao na vioo. Chini ya sakafu zilichomoza nyaya nyembamba, zikapita juu ya vigurudumu vidogo vya chuma, zikaambaa na reli mpaka kwenye nguzo za signali, zile zenye mkono wa kumwonyesha dereva asimame au apite, nyingine mbali huko kwenye mibuyu. Ukikaa kwenye tuta unausikia waya unalia, unajua mkono wa signali unashuka sasa hivi.

Mama zetu walipanga biashara kwa mkono ule. Mkono wa upande wa Dar ukishuka, wauza mayai, ndizi na maji wanabeba beseni na kukimbilia stesheni. Treni ya abiria ilikuwa inachelewa, hilo halina mjadala, na ratiba iliyobandikwa ukutani haikumsaidia mtu. Mkono haukudanganya.

Ndani alikaa mzee mmoja tuliyemwita Bwana Kabini. Jina lake halisi nililisikia siku anazikwa. Mwanawe alikuwa rafiki yangu, kwa hiyo tukitumwa kupeleka chakula napata kupanda ngazi na kuchungulia. Leva, yaani vile vyuma virefu vya kuvuta, zimepangwa mstari, nyekundu, nyeusi, za buluu, na mbili tatu nyeupe ambazo sikuwahi kuona zikiguswa. Vishikio vinang'aa. Hakuvigusa kwa mkono mtupu hata siku moja, kila leva alishika kwa kitambaa. Ukutani kuna ubao wenye mchoro wa njia zote, mezani kitabu kikubwa alichoandika kila treni na saa yake, na kengele ndogo iliyokuwa inagonga yenyewe.

Sasa swali langu. Kuna siku tulimwona anavuta leva nyekundu, haiji. Mzee ana mikono ya kubeba magunia, lakini leva haitikisiki. Akasonya, akaenda kwenye leva nyingine mbali kabisa, akaivuta, akarudi kwa ile ya kwanza, ikaja laini. Kota nzima watoto tuliamini mle ndani mna jini. Nani anajua kilichokuwa kinaendelea?

Kabini yenyewe haipo tena. Imebaki sakafu ya zege na majani. Picha sina.

---

Pwagu

Dah, umenikumbusha mbali. Sisi tulikuwa tunaweka sumni juu ya reli, treni ikipita inakuwa bapa, unatembea nayo mfukoni wiki nzima. Kuna wenzetu waliokuwa wanakanyaga nyaya za signali ili mkono utikisike. Hao walikimbizwa na fimbo mpaka sokoni.

Niko siti ya mbele, ngoja wataalamu waje.

---

Fundi Mstaafu

Mwana wa Kota, jini wenu namfahamu, nimemtia grisi miaka mingi.

Chini ya zile leva kuna vyuma virefu vyenye mapengo, vimelala kwa kukatana. Kila leva ikivutwa inasogeza vyuma, na vyuma vinafungulia leva fulani na kuzikaba nyingine. Mfano: treni inatoka Dar na unataka iingie njia ya pembeni ipishane na treni ya mizigo. Kwanza unavuta leva nyeusi, hiyo inageuza pointi, yaani zile ndimi za reli. Kisha leva ya buluu, inatia komeo kwenye pointi ili zisicheze treni ikiwa juu yake. Hapo ndipo leva nyekundu inakubali kushusha mkono. Ukiruka hatua moja, nyekundu inakataa. Na mkono ukishashuka, pointi hazigeuki tena hata mje watu sita.

Kwa hiyo siku ile mzee alianza na nyekundu kabla ya kumaliza pointi au komeo. Huenda alichoka, huenda alikuwa na mawazo yake. Mtambo ukamwambia bado.

Mwingereza John Saxby alipata hataza ya kuunganisha pointi na signali mwaka 1856, na mengine yakaendelezwa juu ya wazo hilo. Rangi nazo ni desturi ya Waingereza: nyekundu signali za kusimamisha, njano signali ya onyo ya mbali, nyeusi pointi, buluu makomeo. Nyeupe ni leva isiyo na kazi, ndiyo maana hukuiona ikiguswa.

Kitambaa ni kwa sababu ya jasho. Shika chuma kilichosuguliwa kwa kiganja chenye jasho leo, kesho kuna kutu. Kuna wazee walikuwa tayari kugombana na bosi kuliko kumwona mtu anashika leva kwa mkono mtupu.

---

Mwana wa Kota

Kumbe! Na pale alipokuwa anazungusha kigurudumu kidogo ukutani mchana wa jua kali?

---

Fundi Mstaafu

Waya. Signali ya nje inaweza kuwa mbali zaidi ya nusu kilomita. Jua likiwaka waya unarefuka, unalegea, unavuta leva yote lakini mkono unashuka nusu. Dereva akiona mkono umekaa nusu hajui aamini nini, sheria inamtaka asimame. Kwa hiyo mchana anakaza, usiku baridi ikiingia analegeza.

Na waya ukikatika, mkono unarudi wenyewe kwenye "simama", maana kule kwenye nguzo kuna uzito unaourudisha. Kitu kikiharibika, kinaharibikia upande wa usalama. Hii kanuni ndiyo reli yenyewe, mengine ni mapambo.

---

Mwasiti wa Tanga

Shikamooni wakubwa. Mimi ni wa reli ya Tanga, baba yangu alikuwa mtu wa taa. Kila baada ya muda anapita nguzo kwa nguzo na debe la mafuta ya taa, anapanda ngazi, anasafisha kioo, anakata utambi, anajaza. Mvua, nyoka, nyuki ndani ya sanduku la taa, yote hayo. Watu wanawasifu madereva. Mtu wa taa hakuna anayemtaja.

Nyumbani tulikuwa na kipande cha kioo cha signali kilichovunjika. Cha "pita". Na kilikuwa cha buluu. Nilibishana sana na kaka zangu, maana usiku taa ya "pita" ni kijani, kila mtu anaiona kijani. Baba akawasha kibatari, akaniambia weka kioo mbele. Kikawa kijani. Moto wa mafuta ya taa una umanjano mwingi, ukipita kwenye kioo cha bluu-kijani kilichokolea ubuluu unatokea kijani safi. Wangeweka kioo cha kijani chenyewe, taa ingeonekana imefifia na kuelekea njano.

Fizikia ya shule ilinikuta nikiwa nimeshafundishwa hapo jikoni.

---

Pwagu

Dada Mwasiti hii nondo nzito. Kioo bado unacho?

---

Mwasiti wa Tanga

Kilipotea tulipohama kota. Usinitoneshe.

---

Kijana wa Umeme

Wazee wangu naheshimu kumbukumbu, lakini tusirembe. Leo reli mpya ya SGR kutoka Dar kwenda Dodoma inaenda kilomita 160 kwa saa, dereva anapata ruhusa ya kwenda kwenye skrini mbele yake kwa redio, mfumo wenyewe unafunga breki akizidisha. Safari zilianza 2024 na hakuna mtu anayevuta waya. Hizo kabini zilitegemea mzee mmoja asisinzie. Na hatujasahau ajali ya Igandu.

---

Fundi Mstaafu

Kijana, taratibu. Igandu, 24 Juni 2002, treni ya abiria ilirudi nyuma yenyewe kwenye mteremko ikaigonga ya mizigo. Watu 281 walikufa, mwingine humu huenda alizika ndugu. Treni inayorudi nyuma bila breki haitazami signali. Hata ungekuwa na kabini kila kilomita mbili, mkono ungekuwa umesimama sawasawa na treni ingepita tu.

Ajali ya kufanana nayo ilitokea Armagh, Ireland, 12 Juni 1889. Treni ya matembezi, imejaa watoto, ikashindwa kupanda mlima. Wakakata mabehewa ya nyuma ili wapande nusu nusu. Yale ya nyuma yakaserereka yakakutana na treni iliyokuwa inakuja. Walikufa watu wapatao 80. Mwaka huo huo bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kulazimisha mambo matatu: breki zinazojifunga zenyewe treni ikikatika, treni moja tu kwenye kipande kimoja cha njia, na huo ufungaji wa leva nilioueleza. Kabla ya hapo kampuni zilikuwa zinasema ni gharama.

Lakini kwa upande mwingine una haki, nakupa. Mtambo unazuia mkono kukosea, hauzuii kichwa kusahau. Quintinshill, Scotland, 22 Mei 1915: treni ndogo ya abiria ilisimamishwa kwa muda kwenye njia kuu, mbele ya dirisha la kabini. Mtu wa zamu aliyeingia asubuhi hiyo akaisahau, akaruhusu treni ya wanajeshi. Wakafa zaidi ya 200. Na treni aliyoisahau ndiyo iliyomleta kazini. Alishuka kwenye treni ile, akapanda ngazi, akaisahau.

Kulikuwa na kidude cha chuma cha kuvisha kwenye kishikio cha leva ili kukukumbusha kwamba kuna treni imesimama pale. Siku ile hakikuvishwa.

---

Kijana wa Umeme

Sawa mzee, hiyo ya Scotland imenikaa vibaya. Nimesalimu amri kwa leo tu.

---

Mlinda Lango

Mmesahau kumtaja nyani.

---

Pwagu

Nyani gani tena?

---

Mlinda Lango

Afrika Kusini, Uitenhage, miaka ya 1880. Kulikuwa na mtu wa signali anaitwa James Wide, alikatwa miguu yote kwa ajali ya treni. Akanunua nyani, akampa jina Jack. Mwanzo Jack alikuwa anamsukuma bosi wake kwenye kitoroli kwenda kazini, baadaye akajifunza leva. Treni ikipiga honi idadi fulani, Jack anajua ni leva ipi.

---

Pwagu

Acha kamba mkuu.

---

Mlinda Lango

Si kamba. Jack alikufa 1890 kwa kifua kikuu na fuvu lake liko Makumbusho ya Albany, Makhanda, mji uliokuwa unaitwa Grahamstown. Kuna picha zake akiwa na bosi wake kwenye leva. Zile hadithi za mshahara wake na bia sizibebi, hizo kila mtu anaongeza chumvi yake.

---

Fundi Mstaafu

Ni kweli. Na mnaona kwa nini iliwezekana? Nyani akivuta leva isiyo yake kwenye mtambo uliofungwa vizuri, leva inakataa. (Kama wa Uitenhage ulifungwa hivyo sijui, sikuwepo.) Ila watu wa kazi yetu hawaipendi hadithi hii, maana kila ukidai nyongeza ya mshahara kuna mtu anakutajia nyani.

---

Shemeji wa Tabora

Hahaha, hapo mwisho nimecheka peke yangu kwenye daladala.

Mimi nilichokipenda ni ile pete. Treni haisimami, inapunguza tu mwendo. Mtu wa stesheni anasimama ukingoni ameinua pete kubwa yenye mfuko wa ngozi, msaidizi wa dereva anatoa mkono nje ya injini, anaidaka kwa kiwiko, na papo hapo anaitupa ya kule alikotoka. Ya kutupwa inabingirika changaraweni, sisi watoto tunagombea kuirudisha kwa stesheni masta. Kuna mmoja alikuwa na mkono umekufa ganzi kwa kudaka usiku. Mle mfukoni sikuwahi kujua kuna nini.

---

Fundi Mstaafu

Tokeni, yaani chuma cha ruhusa ya kupita. Njia yetu ni moja, treni zinakwenda na kurudi juu ya reli zile zile, kwa hiyo hofu kubwa ni kukutana uso kwa uso porini. Kila kipande kati ya stesheni mbili kina mashine mbili, moja kila upande, zimeunganishwa kwa umeme. Tokeni ikitoka kwenye mashine ya huku, zote mbili zinajifunga mpaka irudishwe, huku au kule. Dereva bila tokeni ya kipande hicho mkononi hagusi mwendo. Ile kengele iliyogonga "yenyewe" kabini kwa Mwana wa Kota ni stesheni ya jirani inabisha hodi. Kwa kanuni ya Waingereza mlio mmoja ni "nisikilize", miwili "treni imeingia", miwili kisha mmoja "imetoka". Sita mfululizo ukizisikia, weka signali zote kwenye "simama" kwanza, kuuliza baadaye.

---

Mwana wa Kota

Nashukuru sana. Sasa nani alizing'oa, na kwa nini kimya kimya? Maana ukiuliza pale mjini kila mtu anakwambia "ilikuwepo", basi.

---

Fundi Mstaafu

Hazikufa siku moja. Huko Marekani walianza mapema: 1927, jimbo la Ohio, reli ya New York Central ilianza kuendesha pointi na signali za kipande kirefu cha njia kutoka meza moja, kwa umeme. Tangu hapo kila mnara ukawa na siku zake. Uingereza kabini ziliisha kwa maelfu, ingawa Shrewsbury bado wanayo moja ya 1903 yenye leva 180, na inafanya kazi.

Kwetu ilikuwa tofauti. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 reli ikagawanywa, vipuri vikawa taabu. Waya ukikatika hakuna mwingine, mnaunga. Kisha treni zenyewe zikapungua. Stesheni iliyokuwa inapishanisha treni mchana na usiku ikabaki na chache kwa wiki, sasa mtu wa kabini wa nini? Stesheni masta akaambiwa ageuze pointi kwa mkono na kuandika karatasi ya ruhusa. Jengo likabaki tupu. Jengo tupu lenye tani za chuma ndani, na biashara ya vyuma chakavu ilivyo, malizieni wenyewe.

---

Mwasiti wa Tanga

Ndiyo maana mkono wa signali niliuona mara ya mwisho umekuwa paa la banda la kuku. Wekundu wake na mstari mweupe vilevile.

---

Kijana wa Umeme

Swali la dhati: kuna mahali mtoto wangu anaweza kuona vitu hivi?

---

Mlinda Lango

Makumbusho ya Reli ya Nairobi, ya tangu 1971. Wana vichwa vya mvuke vya aina ya Garratt, na viwili vikubwa kuliko vyote pale vinaitwa Mount Gelai na Mount Shengena. Gelai ni mlima wa jirani na Ziwa Natron, Shengena ni Upare. Milima yetu imepaki Nairobi, tunakwenda kuitazama kwa kiingilio.

---

Shemeji wa Tabora

Hii ya milima inauma kidogo, niseme ukweli.

---

Mjukuu wa Karani

Habari wakubwa, nimesoma uzi wote kimya, ila mlipotaja kitabu kikubwa cha mezani nikaamka. Babu yangu alikuwa kabini, na kwenye kasha lake kuna daftari refu lenye safu nyingi za saa. Nyumbani walitaka kuwashia moto. Zile safu zina maana gani?

---

Fundi Mstaafu

Msithubutu! Hicho ni kitabu cha kuandikia treni. Kila mstari treni moja: namba yake, saa stesheni ya jirani ilipoomba njia, saa ilipokubaliwa, saa treni ilipotoka kule, saa ilipoingia kwenu, saa njia ilipotangazwa kuwa wazi. Safu ya mwisho kulia ni maelezo. Mkabidhiano wa zamu huwa wameuandika katikati ya ukurasa na sahihi mbili. Piga picha kurasa zote kabla mchwa hawajaziona.

---

Mjukuu wa Karani

Nimefungua ukurasa wa katikati. Kuna treni imetoka stesheni ya jirani saa nane na dakika arobaini usiku, imefika kwetu saa kumi na moja na kumi. Za juu na za chini yake zote zimetumia chini ya saa moja kwa kipande hicho hicho. Babu alikosea kuandika?

---

Fundi Mstaafu

Watu wale hawakukosea saa. Soma safu ya maelezo.

---

Mjukuu wa Karani

Mwandiko mdogo sana, ngoja.

"Tembo njiani. Dereva amesubiri waondoke."

---

Pwagu

Hahahaha. Fungua uzi wa peke yake mkuu, uweke ukurasa baada ya ukurasa. Mimi nabeba mkeka.